Bonde la Ngono lina mengi ya kusema, nani atalisemea?

*Chuma cha kale, mafunjo, makaburi ya wafalme na visiwa vyenye kumbukumbu chungu vimetapakaa kati ya Bukoba na Muleba. Wenyeji, wataalamu, viongozi wa dini na wakulima hawajakubaliana mgeni asimuliwe nini, wala nani amsimulie.*

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MWAKA 1970, katika kijiji cha Katuruka, jirani na Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, wazee wa Kihaya walimwonyesha kijana mmoja wa Kimarekani mti mkubwa uitwao Kaiija. Walimweleza kwamba hapo ndipo wahunzi wa Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe walipofua chuma cha kujengea mnara wa kufika mbinguni. Mnara ukaporomoka, mahali pakabaki na heshima yake.

Kijana huyo, Peter Schmidt, alikuwa mwanafunzi wa akiolojia. Badala ya kuipuuza hadithi ya mnara, aliamua kuchimba pale alipoelekezwa. Udongo ukatoa mavi ya chuma, mabaki ya tanuri na vigae vya vyungu vya aina inayojulikana kama Urewe.

Vitu hivyo ni vya kale kuliko Rugomora Mahe mwenyewe, anayekadiriwa kuutawala ufalme wa Kyamutwara katika karne ya 17. Vinakaribia miaka 2,000 au zaidi. Wazee hawakuwa na kitabu wala ramani, lakini kumbukumbu yao iliwapeleka wachimbaji penyewe.

Leo mti wa Kaiija haupo. Wengi wa wazee waliousimulia wametangulia mbele ya haki. Aliyebaki na kazi ya kumweleza mtoto wa shule, mgeni kutoka Dar es Salaam au mtalii anayepita kwenda Uganda ni nani, na amweleze lipi?

Swali hilo haliishii Katuruka. Linaligusa bonde zima la Mto Ngono na vilima vinavyolizunguka, kuanzia Bukoba hadi Muleba.

Mto unaolikwepa ziwa

Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Bukoba kwenda Muleba huwa na Ziwa Victoria upande wa kushoto na migomba pande zote mbili. Bonde la Ngono limejificha nyuma ya vilima vya upande wa kulia. Wengi hulipita bila kujua kwamba lipo.

Mtu angetarajia mto huo uingie ziwani moja kwa moja, kwa kuwa ziwa liko karibu. Lakini safu za vilima vya mawe ya mchanga, zilizolala kaskazini hadi kusini sambamba na ufuko, zimeuzibia njia. Kwa hiyo Ngono hutiririka kuelekea kaskazini, ukipokea maji ya Ziwa Ikimba, hadi unapomwaga maji yake katika Mto Kagera upande wa Kyaka.

Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na wanajiografia huuhesabu kuwa chimbuko la mbali la Mto Nile. Tone la mvua lililoanguka kwenye shamba la migomba nyuma ya vilima vya Muleba linaweza kuishia Bahari ya Mediterania.

Miamba ya eneo hili ni maarufu kiasi kwamba wanajiolojia walitumia jina la Bukoba kulitaja kundi zima la miamba ya kale lililoenea hadi nje ya mkoa. Ardhi yenyewe bado inajongea. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera.

Mvua nayo imechora mpaka wake. Mji wa Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ukivuka vilima kuelekea magharibi inapungua. Ndiyo maana Wahaya wakaigawa nchi yao kwa namna inayoonekana hadi leo: kibanja chenye migomba, mibuni na maharage kuzunguka nyumba, rweya, yaani mbuga ya nyasi kati ya kijiji na kijiji, na chini kabisa bonde lenye mafunjo.

Eneo la Kyanyabasa linaonyesha jinsi mto huu unavyotenganisha na kuunganisha. Upande mmoja ni Kasharu ya Bukoba Vijijini, upande wa pili ni Buganguzi ya Muleba. Kwa miaka mingi kivuko cha MV Kyanyabasa ndicho kilichowavusha watu na mizigo yao. Mto ni mmoja, halmashauri ni mbili.

Tanuri lililohitaji bonde zima

Historia ya chuma ndiyo inayoonyesha vizuri kwamba mazingira na utamaduni wa hapa havitenganishwi.

Wahunzi wa kale walichukua mawe yenye chuma vilimani. Makaa waliyapata kwa kukata miti ya msituni. Udongo wa kichuguu, usiopasuka ovyo kwa moto, walijengea tanuri na kusiribia shimo lake. Nyasi za kinamasini walizijaza shimoni na kuzichoma hadi zikawa makaa mepesi, zikasaidia kukichanganya chuma na kaboni kilipokuwa kikiyeyuka kuelekea chini.

Tanuri lenyewe lilikuwa na kimo cha mita moja na nusu hivi. Mirija ya udongo iliingizwa pande zote hadi ndani, na mwisho wa kila mrija mtu alipuliza kwa mivukuto ya ngozi. Ilikuwa kazi ya timu, ya saa nyingi, na yenye miiko yake.

Ufuaji huo ulikoma miongo ya mwanzo ya ukoloni, majembe na vyuma vya bei nafuu vilipoingia kutoka nje. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 walikuwepo wazee waliofanya kazi hiyo ujanani. Walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu na kulitia moto mbele ya watafiti, na kilichotoka kikapimwa maabara.

Schmidt na mwenzake Donald Avery, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, walichapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1978. Walieleza kwamba kwa kuingiza mirija ndani ya tanuri, hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa, joto likapanda sana, na wahunzi wakapata chuma cha pua. Mabaki yaliyochimbwa Kemondo, karibu na bandari ya leo, yakawafanya waamini kuwa ufundi huo ulikuwepo tangu karne za mwanzo baada ya Kristo.

> Mawe yalitoka vilimani, makaa msituni, udongo vichuguuni na nyasi kinamasini. Ukiondoa kimoja, tanuri halifanyi kazi.

Mabaki ya makaa ya matanuri yalisema jambo jingine pia. Kadiri karne zilivyopita, wahunzi walilazimika kutumia miti tofauti na ile ya msitu mnene waliyoanza nayo. Misitu ilikuwa imepungua. Suala la kukata miti bila kupanda lilianza hapa zamani sana kabla ya maofisa misitu.

Mnyororo ulivyokatika

Kwa nini basi elimu hii haikurithishwa? Sababu ni zaidi ya moja, na zimefuatana.

Ya kwanza ni dini mpya. Mapadri wa Kizungu wa shirika la White Fathers walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Ibada za Wachwezi, mizimu ya jadi ya Wahaya, wakiwemo Wamara na Mugasha wa ziwa na dhoruba, zikaitwa ushetani. Miti na vijumba vya matambiko vilipoteza walinzi, vingine vikakatwa na kubomolewa.

Ya pili ni siasa. Serikali huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na katika miaka iliyofuata ikaufuta mfumo wa nyarubanja, ambao wakulima walilima ardhi ya mabwana na kuwalipa kodi. Wanyonge walipata haki yao. Lakini maeneo ya ikulu, yaani vikale, yakabaki bila mtu aliyekabidhiwa kuyatunza.

Ya tatu ni ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata familia nyingi zilizika kizazi cha kati, kile ambacho kingepokea masimulizi kwa wazee na kuyapeleka kwa watoto. Bibi akabaki na wajukuu, na mchana kutwa yuko shambani akiwatafutia chakula.

Schmidt aliporudi kwa muda mrefu baadaye, alikuta wengi wa wasimulizi wake wa kiume hawapo. Alikuta pia kosa lililofichwa na utafiti wa zamani, wake mwenyewe ukiwemo: wanawake hawakuwa wameulizwa vya kutosha, na ndio waliokuwa wamebaki na sehemu kubwa ya kumbukumbu na majukumu ya maeneo matakatifu.

Kijiji chaamua

Mwaka 2008 watu wa Katuruka waliamua kuchukua hatua. Wao ndio waliomwita mtafiti, safari hii awasaidie katika mpango wao. Walitaka historia ya kijiji ihifadhiwe, maeneo yatambulike na kizazi kipya kisikie kilichotokea.

Masimulizi yakakusanywa upya. Maeneo ya ikulu ya Rugomora Mahe yakatengenezwa ili mgeni aweze kuyaona: Buchwankwanzi, nyumba ya kifalme iliyohusishwa na chuma, na gashani, nyumba ya kumbukumbu ya mfalme aliyefariki. Katika Ikulu ya Kanazi, makao ya Mukama Kahigi wa Kianja aliyeshirikiana kwa karibu na Wajerumani, nako juhudi za wenyeji zikaanza.

Si kwamba mkoa ulikuwa mtupu kabla ya hapo. Makumbusho ya Kagera yapo Nyamukazi, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Francis Lwamgira aliandika historia ya Kiziba kwa Luhaya, ikachapishwa mwaka 1949. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti wa kina tenzi za enanga, zinazoimbwa kwa zeze la nyuzi na kuwasifu mashujaa wa Buhaya.

Jambo jipya la Katuruka ni kwamba wenye mahali walitaka wasimulie wenyewe, mahali penyewe. Hapo ndipo mivutano ilipoanza kuonekana.

Kibao kiandikwe nini?

Mvutano wa kwanza ni wa ukweli. Mitaani Bukoba utasikia ikisemwa kwa fahari kwamba Wahaya ndio waliogundua chuma cha pua duniani, miaka 2,000 iliyopita, Wazungu wakiwa bado gizani. Madai hayo yamesambaa mitandaoni na hurudiwa na baadhi ya waongoza watalii.

Sayansi haijafika huko. Mwanaakiolojia Mjerumani Manfred Eggert aliikosoa hoja ya Schmidt na Avery katika miaka ya 1980, akisema ushahidi wa matanuri ya kale hautoshi kuthibitisha ufundi ulioonekana kwa wazee wa karne ya 20. Mtaalamu wa metali J. E. Rehder alihoji kama hewa ilipata moto kweli ndani ya mirija kwa kiwango kilichodaiwa. Schmidt na Avery waliwajibu kwa maandishi.

Tarehe za zamani zaidi zilizotolewa kwa Katuruka, za karne kadhaa kabla ya Kristo, nazo zina wapinzani. Na India ilikuwa na chuma cha pua bora tangu zamani, hivyo neno "wa kwanza duniani" halina mguu wa kusimamia.

Wanaotetea fahari wanasema mgeni hahitaji mabishano ya maprofesa. Anahitaji hadithi inayomwinua Mwafrika aliyedharauliwa. Wanaotetea uangalifu wanajibu kwamba siku mgeni atakapogundua ametiwa chumvi, ataona na yaliyo kweli ni uongo.

Gazeti hili linaona upande wa pili una nguvu zaidi, kwa sababu moja. Ukweli uliothibitika unatosha kumshangaza yeyote: watu wa vilima hivi walifua chuma kwa ustadi mkubwa kwa takribani miaka 2,000, na masimulizi yao yaliwaonyesha watafiti mahali pa kuchimba. Hilo halihitaji kuongezwa.

> Anayetia chumvi historia ya Buhaya anaidharau pia, kwa kuwa anadhani peke yake haitoshi.

Mmarekani Freeman Tilden, aliyeandika mwaka 1957 kitabu kinachotumiwa hadi leo na wanaofanya kazi ya kuwaelezea watu urithi wao, alishikilia kwamba kazi hiyo inapaswa kumchokoza mtu afikiri, kuliko kummwagia taarifa tu. Mabishano ya wanasayansi ni uchokozi mzuri. Kibao kinaweza kusema wazi: hawa wanadai hivi, wale wanapinga kwa sababu hii, na wewe tazama mavi ya chuma yaliyo mbele yako.

Hofu ya madhabahu

Mvutano wa pili ni wa imani. Kagera ni mkoa wa makanisa makubwa. Ndiko alikotoka Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, aliyeteuliwa mwaka 1960 na ambaye mabaki yake yamezikwa katika kanisa kuu la Bukoba. Ndiko alikotoka pia Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977.

Wapo waumini wanaoona kuwa kutengeneza upya maeneo ya matambiko ni kurudisha nyuma saa. Wanauliza: tukijenga kijumba cha Wachwezi kwa ajili ya watalii, nani atazuia watu kuleta sadaka usiku?

Wapo wanaojibu kuwa kujua si kuabudu, na kwamba historia ya Ukristo wenyewe katika Buhaya haieleweki bila kujua ulikuta nini. Kanisa la Kashozi na mti wa Kaiija ni sura mbili za kitabu kilekile.

Majirani wa Uganda wamepita njia hii. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 yakiwa bado mahali pa ibada na mila. Yalipoungua Machi 2010, walioyajenga upya walikuwa mafundi wenye miiko na koo zenye majukumu, wakishirikiana na wataalamu. Huko Bigo, kando ya Mto Katonga, mahandaki marefu ya kale husimuliwa kuwa ya Wachwezi haohao wanaotajwa na Wahaya.

Kuhifadhi mahali bila kulazimisha mtu kuamini kunawezekana. Sharti ni kwamba viongozi wa dini waitwe mezani mapema, kabla ya msumari wa kwanza kupigwa.

Migomba, mpunga na mafunjo

Mvutano wa tatu ni wa ardhi, na huu ndio mgumu kuliko yote.

Urithi wa chuma haupo uwanjani penye uzio. Upo ndani ya vibanja vya watu. Anayelima migomba yake juu ya shimo la tanuri la kale ana familia ya kulisha. Ukimwambia asichimbe, una deni la kumwambia atapata nini.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na kazi za mikono ya watu zilizokuwepo kabla ya mwaka 1863, pamoja na michoro ya miambani kama ile ya Bwanjai, Kiziba. Kwa maana hiyo tanuri la Katuruka lina ulinzi wa sheria hata kama mkulima hajawahi kuambiwa. Lakini sheria isiyojulikana kijijini hailindi kitu.

Bondeni mambo ni mazito zaidi. Mabonde ya Ngono na Kagera yamekuwa kwenye mipango ya maendeleo kwa miongo mingi. Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda Shirika la Bonde la Mto Kagera mwaka 1977; Uganda ikajiunga mwaka 1981; shirika likafungwa mwaka 2004. Chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa mwaka 1999, bonde la Ngono limeangaliwa tena kwa ajili ya umwagiliaji na matumizi mengine ya maji.

Wakulima na viongozi wao wanasema mkoa wenye watu 2,989,299 kwa sensa ya mwaka 2022 hauwezi kuacha ardhi yenye maji ikae bure. Vibanja vimegawanywa kwa urithi hadi vimekuwa vidogo, na mnyauko wa migomba umewaumiza wengi.

Wahifadhi wanajibu kwamba mafunjo hayakai bure. Yanachuja tope kabla maji hayajafika Kagera na ziwani, yanapunguza kasi ya mafuriko, na ni makazi ya ndege. Mabwawa ya Kagera ni miongoni mwa makazi ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu anayeishi kwenye vinamasi. Kaskazini zaidi, Msitu wa Minziro ulioko mpakani na Uganda unategemea maji ya Kagera yanayofurika kwa majira.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mkulima akielezwa sheria hiyo na mgambo mwenye rungu, ataiona adui. Akielezwa na mwongoza wageni wa kijiji kwamba nyasi hizohizo ndizo zilizowawezesha mababu zake kupata chuma, kuna nafasi ya kusikilizana.

Bumbire: historia ilivyoandikwa na mwenye bunduki

Muleba ina somo lake, nalo linatoka ziwani. Mwaka 1875 msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley alifika kisiwa cha Bumbire akitafuta chakula. Wakazi walimnyang'anya makasia, pakazuka mapigano, akaondoka. Miezi michache baadaye alirudi na mitumbwi na bunduki, akawafyatulia risasi watu waliokuwa ufukoni. Makumi waliuawa.

Tukio hilo liliwakasirisha watu hata Uingereza kwenyewe. Lakini dunia inalijua kwa kalamu ya Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1878. Waliokuwa ufukoni hawakuandika.

Hatari ya namna hiyo ipo hadi leo, hata bila bunduki. Mbuga ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707 na sehemu yake ikiwa Muleba, ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Wageni wakiongezeka watataka maelezo. Kama wenyeji hawatayaandaa, yataandikwa na kampuni za mbali zinazonakili kurasa za intaneti, na Mhaya atasoma habari zake kama mgeni.

> Asiyesimulia yake husimuliwa na wengine, na mara nyingi vibaya.

Simulizi la kweli litabeba na yasiyopendeza. Mukama Kahigi alijenga na kuamrisha. Wapo waliofaidi na wapo walioumia. Nyarubanja iliwatajirisha wachache. Kumwonyesha mgeni ngoma na msonge na kuyaficha hayo ni kumpa nusu ya nchi.

Kifanyike nini

Fedha nyingi hazihitajiki kuanza. Kinachohitajika ni utaratibu.

Kwanza, halmashauri za Bukoba na Muleba zikae pamoja. Kikao kimoja cha pamoja kuhusu urithi wa bonde kinaweza kutoa ramani moja ya maeneo: matanuri, vikale, miti ya mila, makanisa ya mwanzo, vivuko, mabwawa na mahali pa ndege. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za kuyalinda.

Pili, vijiji viyaingize maeneo hayo katika mipango ya matumizi ya ardhi, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinavyoruhusu. Mwenye kibanja chenye masalia apate sehemu ya kiingilio kwa makubaliano yaliyoandikwa, yatakayosomwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Tatu, wasimulizi wafundishwe na walipwe, na wanawake wawe miongoni mwao. Bibi anayejua miiko ya eneo ni mtaalamu sawa na mwenye shahada. Anachokisema kirekodiwe kwa Luhaya kwanza, kisha kitafsiriwe kwa Kiswahili.

Nne, shule zitumie bonde. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia kwenye mtaala mpya, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa Maruku, Kemondo au Kamachumu ana mfano mlangoni kwake. Mtoto aliyeshika mavi ya chuma mkononi hatasahau karne.

Tano, Idara ya Mambo ya Kale na vyuo vikuu viwape wenyeji nakala za kila kilichochimbwa na kuandikwa kuwahusu, katika lugha wanayoisoma. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inataka wananchi washirikishwe. Kushirikishwa hakuwezi kumaanisha kuitwa kubeba udongo tu.

Hukumu

Baada ya kuzisikiliza pande zote, makala haya yanashika msimamo mmoja: bonde lisimuliwe zima, na wenye bonde ndio wawe wasimulizi wakuu. Chuma kikitengwa na mafunjo, mgeni hataelewa kilivyopatikana. Mafunjo yakitengwa na watu, mkulima hataona sababu ya kuyaacha. Wafalme wakitengwa na waliowalimia, tutakuwa tunatangaza matangazo na kuyaita historia.

Wataalamu wana nafasi yao, nayo ni kupima, kusahihisha na kubishana hadharani. Viongozi wa dini wana yao, na wakulima wana yao. Lakini neno la mwisho kuhusu nini kisemwe Katuruka, Kanazi, Kyanyabasa au Bumbire linapaswa kutoka kwenye mkutano wa kijiji.

Kwa msomaji wa Bukoba na Muleba ombi ni moja na ni la wiki hii. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua habari za eneo lenu, kaa naye, washa kinasa sauti cha simu yako, na muulize jina la kila kilima. Wazee hawasubiri bajeti ya mwaka ujao.